Jiko la makaa ya mawe linalojilisha: kwa nini moto huzimika usiku na makaa hutoka bila kuungua

Swali: Nina jiko la kupasha nyumba joto linalotumia makaa ya mawe aina ya anthrasaiti, ambalo hujilisha lenyewe kutoka kwenye hopa, yaani sanduku la kuhifadhia makaa. Nililinunua likiwa limeshatumika. Mwezi wa kwanza liliwaka vizuri, lakini sasa, hasa usiku ambao baridi si kali, moto huzimika kabla ya alfajiri. Kwenye trei ya majivu nakuta punje nyeusi ambazo hazijaungua, na nikifunua hopa napata harufu kali. Nimefungua skrubu ya kulisha ili makaa yaingie zaidi, lakini punje nyeusi zimeongezeka, na sasa kuna pia madongo magumu yaliyogandana. Je, mota ya kulishia imechoka? Na jiko la namna hii hutunzwaje?

Jibu: Ndugu msomaji, usinunue mota bado. Mtambo wa kulisha uliochoka huleta makaa machache kuliko yanayotakiwa, na dalili yake ni tandiko la moto, yaani tabaka la makaa yanayowaka, linalofupika na majivu yanayotanda sehemu kubwa ya bamba la chuma linalobeba moto. Kwako mambo ni kinyume chake: makaa yanafika kwa wingi, lakini yanasukumwa hadi ukingoni na kuanguka kabla hayajamalizika kuungua. Hiyo ni dalili ya moto unaokosa hewa, na kwa kuwa jiko liliwaka vizuri mwezi mzima kabla ya kuharibika, kuna uwezekano mkubwa kwamba kuna kitu kilichokuwa kikijilimbikiza kidogo kidogo. Kitu hicho, katika majiko ya aina hii, karibu kila mara ni majivu.

Hata hivyo, jambo la kushughulikiwa kwanza ni harufu. Harufu kali unayoipata unapofunua hopa ni ya gesi ya salfa inayotokana na kiasi kidogo cha salfa kilichomo ndani ya makaa. Yenyewe inakera pua na koo, na tena inatoa habari muhimu: kama gesi ya salfa inarudi nyuma hadi kwenye hopa, basi kaboni monoksidi inaweza kupita njia hiyohiyo, nayo haina rangi, haina harufu, na hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo, kabla ya kuliwasha tena jiko hili, hakikisha una kengele za kaboni monoksidi zinazofanya kazi, moja katika chumba chenye jiko au karibu nacho, na nyingine karibu na kila mahali watu wanapolala. Geuza kengele uangalie tarehe yake ya mwisho, kwa maana kihisio cha ndani huchoka hata kama betri ni mpya. Nyingi hutakiwa kubadilishwa baada ya miaka 5 hadi 10. Kengele ikilia, au watu wawili ndani ya nyumba wakiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa wakati mmoja, tokeni wote nje, piga simu ya dharura mkiwa nje, na msirudi ndani kutafuta chanzo.

Sasa tuje kwenye moto wenyewe. Anthrasaiti ni makaa magumu yenye kaboni nyingi, kwa kawaida asilimia 92 au zaidi ukiondoa maji na madini, na gesi chache sana zinazoweza kuwaka, chini ya asilimia 8. Ndiyo maana hayatoi moshi mweusi, na ndiyo maana ni magumu kuwasha: punje inatakiwa ifikie joto la nyuzi za Selsiasi karibu 500 ndipo ishike moto, na ikishapoa chini ya hapo huzimika tu, bila kufuka moshi wala kutoa onyo. Kilo moja ya kaboni huhitaji takriban kilo 11.5 za hewa ili iungue kabisa, na kwa vitendo jiko huhitaji zaidi ya hapo kwa kuwa si hewa yote inayokutana na makaa. Mwenye jiko huyaona makaa anapoyabeba kwa ndoo, na kwa sababu hiyo hufikiri kwamba jiko linaendeshwa kwa makaa. Kwa uzito, kitu kikubwa zaidi kinachopita ndani ya jiko lake ni hewa, na hiyo haioni.

Hewa hiyo hupita njia moja ndefu. Feni ndogo huisukuma chini ya bamba la moto, yaani kile chuma kilichoinama kidogo chenye matundu mengi madogo; hewa hupanda kupitia matundu, hupita katikati ya punje zinazowaka, huzunguka ndani ya jiko, kisha hutoka kwa bomba hadi kwenye dohani. Kisukumio, ambacho huendeshwa na mota, hupeleka makaa mapya juu ya bamba kutoka chini ya hopa, na kila kinaposukuma, tandiko lote husogea kidogo kuelekea ukingoni, ambako majivu huangukia kwenye trei. Njia ya hewa ikizibwa mahali popote, iwe kwenye feni, kwenye matundu, kwenye kiwiko cha bomba au juu ya dohani, matokeo kwenye trei huwa yaleyale: punje nyeusi. Ulipofungua skrubu ya kulisha uliongeza makaa bila kuongeza hewa, na kasi ya tandiko kusogea ikazidi kasi ya makaa kuungua. Tandiko nene nalo hushikilia joto kubwa katikati, na joto hilo likizidi kiwango cha kuyeyuka kwa majivu, majivu hulainika, hunata na kugandana yanapopoa. Hayo ndiyo madongo unayoyaona.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kurudisha skrubu ya kulisha mahali kitabu cha jiko kinapoelekeza pawe mwanzo, na kuiacha hapo. Kama kitabu hakipo, tafuta nakala ya mtengenezaji kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibati cha nyuma au ndani ya mlango. Jiko lililotumika bila kitabu chake ni kazi ya kubahatisha. Baada ya hapo acha moto ufe wenyewe. Usimwagie maji. Maji yakikutana na makaa ya mawe yaliyo mekundu hutoa mvuke wa ghafla unaoweza kumuunguza mtu na kupasua chuma cha kusubu, na sehemu ya mvuke huo hugeuka kuwa hidrojeni na kaboni monoksidi, gesi mbili zinazowaka. Zima swichi ya kulisha, acha feni imalize kilichobaki, kisha subiri hadi chuma kiwe baridi kwa kugusa. Ndipo uchomoe waya wa umeme ukutani.

Anza na bomba la moshi, si na jiko. Anthrasaiti haitoi masizi ya kunata kama kuni, na watu wengi hudanganyika wakadhani bomba lao ni safi kwa sababu halina weusi. Kinachojaa humo ni vumbi laini la majivu, la rangi ya kijivu au hudhurungi hafifu, ambalo hupeperushwa na feni na kutua mahali hewa inapopunguza mwendo: sehemu ya bomba iliyolala, ndani ya viwiko, nyuma ya jiko pale bomba linapoanzia, na chini kabisa ya dohani. Kiwiko kinaweza kujaa hadi nusu huku jiko likiendelea kuwaka kwa shida. Ukikigonga kwa kidole kikiwa kimejaa, hutoa mlio mzito usiolia, tofauti kabisa na bati tupu. Fungua bomba vipande kwa vipande ukiweka alama kwa chaki ili virudi vilivyokuwa, vifutie nje, na ufungue kilango cha usafi kilicho chini ya dohani uondoe kilichojikusanya. Angalia pia juu, kwa kioo kilichoshikwa kwenye kilango hicho mchana, kama unaona anga. Ndege hujenga viota, na vigae vya ndani ya dohani kuukuu huvunjika na kuanguka.

Vumbi hili lisifyonzwe kwa mashine ya kawaida ya kusafishia zulia. Ni laini kiasi cha kupenya kwenye mfuko wake na kurudi chumbani, na kaa moja lenye uhai lililofichika ndani ya majivu linatosha kuwasha moto ndani ya mashine. Tumia mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya majivu, yenye pipa la chuma, kwa majivu yaliyopoa tu, na uvae barakoa.

Baada ya bomba, geukia bamba la moto. Safisha majivu yote juu yake kwa brashi, kisha mulika kwa tochi. Utaona kwamba matundu yaliyo karibu na mahali makaa yanapoingilia yana vumbi jeusi la makaa mabichi, na yale ya katikati na chini yana majivu yaliyobanana, mengine yamekazwa kwa kitu kinachofanana na kioo. Zungusha ndani ya kila tundu waya au msumari mwembamba ulio mdogo kidogo kuliko tundu lenyewe. Usitoboe kwa keke wala usipanue, maana mtengenezaji alipanga ukubwa wa matundu kulingana na nguvu ya feni, na tundu lililopanuliwa hunyima mengine hewa. Kinachosahaulika na karibu kila mtu ni kwamba vumbi unalolisukuma huangukia kwenye chumba cha hewa kilicho chini ya bamba, na chumba hicho kikijaa unakuwa umehamisha tatizo sentimita chache tu. Fungua kifuniko chake na ukisafishe. Kama nyuso za bamba zimepinda au zina ufa, kuna hewa inayovuja pembeni bila kupita kwenye makaa. Mafundi huziba kingo kwa silikoni au simenti ya kuhimili joto kali, lakini bamba lenye ufa mkubwa hubadilishwa.

Feni ya hewa ya mwako huvuta vumbi la chumba, nywele na manyoya ya wanyama. Fungua skrubu zake, itoe, na utazame mapezi yake: yakiwa yamejaa vumbi hadi mikunjo yake haionekani, feni inazunguka kwa kasi ileile lakini haisukumi kitu. Mswaki mkavu unatosha. Kama feni yako ina matundu ya kutilia mafuta, matone machache ya mafuta mepesi ya mota mara mbili kwa msimu yanafaa. Nyingine zina beringi zilizofungwa ambazo hazihitaji kitu. Feni kubwa ya kupuliza hewa ya joto chumbani nayo ipewe usafi huohuo, ingawa haihusiani na tatizo lako.

Sasa hopa. Harufu kutokea huko ina maana kwamba gesi za moto zinarudi nyuma kupitia makaa, na hilo hutokea pale mvuto wa dohani unapokuwa dhaifu kuliko msukumo wa feni. Bomba likiwa limeziba, sababu imepatikana. Lakini angalia pia gasketi, yaani ukanda wa kuzibia, ya kifuniko cha hopa, kwa sababu ikiwa imekauka na kukatika, hewa au gesi hupata njia, na moto unaweza kufuata hewa na kutambaa kuelekea kwenye makaa yaliyohifadhiwa. Moto ndani ya hopa ni hatari ya kweli, na majiko mengi yana kihisio cha joto mahali hapo ambacho hukata umeme au huendesha kisukumio kwa nguvu ili kuutoa moto huo mbele. Kihisio hicho kisiondolewe wala kuungwa pembeni kwa waya, hata kama "kinasumbua". Kikisumbua kinasema jambo. Gasketi za milango hujaribiwa jiko likiwa baridi: funga mlango juu ya kipande cha karatasi kisha ukivute. Kikitoka bila ukinzani, gasketi imekwisha au bawaba imelegea. Rudia kuzunguka mlango wote, hasa upande wa juu na karibu na bawaba.

Ukisharudisha kila kitu, pima mvuto wa dohani. Hapa ningependa kusisitiza kuliko mahali pengine popote katika barua hii: manomita, chombo kinachopima tofauti ndogo ya mgandamizo, ndiyo kifaa pekee kinachomaliza ubishi kati ya mwenye jiko, fundi na muuza makaa. Majiko mengi yanayotumia dohani hutaka mvuto wa kati ya inchi 0.02 na 0.06 za maji, sawa na paskali 5 hadi 15 hivi, lakini namba ya kufuata ni ile ya kitabu chako, na mahali pa kupimia ni kati ya jiko na kile kilango chenye uzani kinachojifungua chenyewe kusawazisha mvuto. Kilango hicho kikiwa na kutu kwenye ekseli, au kikiwa kimewekwa kwa kuinama, hubaki wazi au hubaki kimefungwa. Kiguse kwa ncha ya kidole: kinapaswa kubembea na kurudi mahali pake polepole. Ambaye hana manomita anaweza angalau kusogeza njiti ya kiberiti iliyozimwa, ingali ikifuka, kwenye ukingo wa kifuniko cha hopa na wa mlango huku jiko likiwaka. Moshi ukivutwa ndani, hali ni nzuri, ukisukumwa nje, zima jiko.

Majiko yasiyo na dohani, yanayotoa gesi kupitia ukuta kwa feni inayozivuta nje, hupimwa kwa utaratibu mwingine ambao kitabu chake hueleza. Feni hiyo ya nje hujaa majivu haraka kuliko sehemu nyingine yoyote na inastahili kufunguliwa mara kadhaa kwa msimu. Umeme ukikatika, feni hiyo husimama wakati makaa bado ni mekundu, na gesi hukosa pa kwenda ila ndani ya nyumba. Kama jiko lako ni la aina hiyo, betri ya akiba ni sehemu ya jiko, na kengele zako za kaboni monoksidi sharti ziwe na betri zake zenyewe.

Kuzimika kwa moto usiku usio na baridi kali kuna maelezo yake ya ziada. Mvuto wa dohani hutokana na tofauti ya joto kati ya gesi zilizomo ndani yake na hewa ya nje. Nje kukiwa na baridi kali, mvuto ni mkubwa, na thamostati, yaani kidhibiti cha joto la chumba, huita joto mara kwa mara, hivyo moto haupumziki. Usiku wa vuguvugu mambo yote mawili hulegea kwa pamoja: thamostati hukaa saa nyingi bila kuita, moto hubaki kwenye kiwango chake cha chini, gesi za kwenye dohani hupoa, na mvuto hushuka. Kinachoushikilia uhai wa moto katika saa hizo ni taima, ambayo huendesha kisukumio kwa muda mfupi kila baada ya kipindi fulani hata kama hakuna joto linaloitwa. Taima ikipangwa chini mno, tandiko hufupika hadi punje zilizobaki haziwezi kupashana joto, na moto hufa. Ikipangwa juu mno, nyumba hupata joto usilolihitaji na makaa hupotea. Baada ya kusafisha njia ya hewa, ongeza muda wa taima kwa hatua moja ndogo kabisa, kisha ngoja usiku mzima kabla ya kugusa tena. Asubuhi unataka kukuta mstari wa moto hai wenye upana wa vidole vitatu au vinne karibu na mahali makaa yanapoingilia, si zaidi sana ya hapo.

Kupanga ulishaji hufanywa kwa upande wa pili, yaani moto ukiwa kamili. Pandisha thamostati ili jiko lifanye kazi bila kupumzika kwa muda wa saa moja na nusu au mbili, kisha tazama ukingo wa bamba. Ukanda wa majivu yaliyokwisha kuungua wenye upana wa sentimita 3 hadi 5 kabla ya ukingo ni alama nzuri. Moto ukifika hadi ukingoni na kudondoka, punguza makaa. Ukanda ukiwa mpana kama kiganja, ongeza. Badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, na usitarajie jibu kwa dakika kumi, kwa maana makaa uliyoyaongeza sasa hufika ukingoni baada ya muda mrefu. Nadhani watu wengi huharibu mpangilio wa majiko yao kwa kukosa subira katika saa hii moja: wanageuza skrubu, hawaoni kitu, wanaigeuza tena, na matokeo ya mageuzi yote hukutana usiku wa manane.

Usichokoe tandiko kwa chuma kutoka juu ili "kulisaidia". Kuchokoa huchanganya majivu na makaa yenye joto kali zaidi, na majivu yaliyoingizwa humo ndiyo yanayoyeyuka na kuwa madongo. Madongo yaliyopo yaondolewe jiko likiwa baridi, kwa kuyainua kutoka pembeni, bila kuyapiga kwa nyundo juu ya bamba.

Makaa yenyewe nayo yana lawama zake, ingawa ni chache kuliko yanazotupiwa. Jiko lako limetengenezwa kwa saizi moja au mbili: ile ndogo, ambayo punje zake huwa na milimita 5 hadi 8, au ile inayofuata, ya milimita 8 hadi 14. Saizi kubwa katika mtambo wa saizi ndogo hukwama. Chenga na vumbi vikizidi, hujikusanya kwenye pembe za chini za hopa, kisha huporomoka kwa pamoja na kuziba nafasi kati ya punje, na moto hukosa hewa kwa siku moja au mbili bila sababu inayoonekana. Ruhusu hopa iishe kabisa kila baada ya majuma machache, ukwangue chenga zilizobaki. Makaa yaliyoloweshwa ili yasitimue vumbi si mabaya kwa moto, lakini huitia hopa kutu na hujenga daraja juu ya mdomo wake, ambapo punje hushikana na kuacha uwazi chini huku hopa ikionekana imejaa. Kamwe usitie makaa laini ya bituminasi kwenye jiko la anthrasaiti. Yana gesi nyingi na mengine huvimba na kushikana yanapopata joto.

Kabla ya kuhukumu kwamba makaa hayaungui, chukua konzi ya hizo punje nyeusi uzichunguze mchana. Punje ya anthrasaiti iliyovunjwa hung'aa ndani na kingo zake ni kali. Punje iliyoungua nusu ina ganda la kijivu na kiini kinachong'aa. Lakini kuna vipande bapa, visivyong'aa, vizito, vinavyokatika kwa tabaka: hivyo ni mawe ya kawaida yaliyochimbwa pamoja na makaa, na hakuna moto utakaoyachoma. Kidogo chake ni kawaida katika kila gunia. Vikiwa vingi, badilisha unakonunua.

Kama baada ya haya yote ulishaji bado ni wa wasiwasi, ndipo mota ichunguzwe. Weka alama ya chaki kwenye mkono wa kisukumio, liendeshe jiko huku ukitazama saa, na uhesabu misukumo kwa dakika chache, mara mbili, jiko likiwa limepoa na likiwa na joto. Hesabu zikilingana na namba iliyo kwenye kibati cha mota, mota ni nzima, na kinachoweza kuwa kimechakaa ni uso wa kisukumio au njia kinayopita, ambamo chenga hujikaza. Hesabu zikishuka jiko linapopata joto, au mota ikinguruma bila kuzunguka, hapo una sababu ya kununua nyingine.

Utunzaji wa kawaida hauna mengi. Trei ya majivu itolewe kila siku kabla majivu hayajagusa bamba kwa chini, kwa sababu majivu yaliyopanda hadi hapo hulizuia bamba kupoa na hulipinda. Makaa yenye majivu ya asilimia 10 yatakupa kilo 2 za majivu kwa kila kilo 20 ulizochoma, na pamoja nazo punje chache za weusi, jambo ambalo halipaswi kukukosesha usingizi. Yatie kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, uiweke nje juu ya saruji au ardhi tupu, mbali na ukuta wa mbao. Kaa hai linaweza kubaki ndani ya majivu kwa siku kadhaa. Fungua mlango wa jiko polepole, ukiuachia ufa kwanza, ili gesi zilizojikusanya juu ya tandiko zisiwake ghafla usoni mwako. Kila mwezi wa matumizi, safisha viwiko na matundu ya bamba. Kila mwaka, dohani yote ikaguliwe na fundi, na bomba lililoanza kuonyesha vitundu vya kutu libadilishwe kwa bomba lililoidhinishwa kwa makaa ya mawe. Bomba jembamba la alumini la majiko ya gesi halifai kabisa.

Uharibifu mkubwa hutokea jiko likiwa halitumiki. Majivu yaliyoachwa ndani hunyonya unyevu wa hewa, salfa iliyomo hutengeneza asidi, na kwa miezi michache tu asidi hiyo hula bati la bomba na kuta za jiko kutokea ndani, mahali usipopaona hadi chuma kitoboke. Kwa hiyo msimu ukiisha, usingoje. Toa makaa yote kwenye hopa, ondoa majivu hadi pembeni kabisa, zipanguse kuta kwa kitambaa kilicholoweshwa kwenye maji yenye bikaboneti ya soda ili kuua asidi, kausha, kisha paka mafuta mepesi kwenye chuma kilicho wazi, ukiacha gasketi na sehemu za umeme. Ondoa bomba lote, lisafishe, uliweke mahali pakavu, na uzibe tundu la dohani ili hewa yenye unyevu isishuke. Halafu andika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kwamba bomba halijaunganishwa, na uibandike juu ya swichi, ili asije mtu mwingine wa nyumbani akaliwasha siku ya kwanza ya baridi.